Jina Lipokee au Lilinganishwe? Mhadhara juu ya kurekebisha sintaksia ya ruwaza katika Python



Nimeombwa nizungumzie namna lugha za programu zinavyobadilika. Uwanja huo ni mpana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimechukua shauri moja tu. Ni shauri linaloonekana dogo, lakini liliwagawa wataalamu wa Python tangu Juni 2020 hadi Februari 2021, na kwa maoni yangu halijaisha hadi leo. Tazameni mistari hii:

HAIPO = 404

match jibu:
    case HAIPO:
        print("Ukurasa haupo")

Anayeisoma kwa mara ya kwanza atasema: kama jibu ni 404, programu itachapisha kwamba ukurasa haupo. Sivyo. Jibu likiwa 200, au 500, au hata neno tupu, programu itachapisha maneno yaleyale. Python haikulinganisha chochote hapo. Ilichukua thamani iliyoikuta kwenye jibu ikaipa jina HAIPO, na tangu hapo HAIPO si 404 tena.

Nitatetea mambo mawili. La kwanza, Python ilichagua vema iliposema jina tupu ndani ya ruwaza lipokee thamani. La pili, baada ya kuchagua hivyo iliacha pengo: haikumpa mwandishi njia nyepesi ya kusema "hapa nataka kulinganisha". Pengo hilo linazibika bila kuharibu hata programu moja iliyokwisha kuandikwa, na wa kupendekeza namna ya kuliziba anaweza kuwa mmoja wenu.

Kwanza niwaeleze wageni wa fani hii ruwaza ni nini. Chukueni programu inayopokea ujumbe wa malipo ya simu. Ujumbe wa kutuma fedha una vipande vitatu: amri, namba ya anayepelekewa, na kiasi. Ujumbe wa kuuliza salio una kipande kimoja tu. Zamani tuliandika hivi:

if isinstance(ujumbe, tuple) and len(ujumbe) == 3 and ujumbe[0] == "tuma":
    namba = ujumbe[1]
    kiasi = ujumbe[2]

Kwanza unauliza aina, kisha urefu, kisha kipande cha kwanza, ndipo unatoa vilivyobaki kimoja kimoja kwa namba zao. Umbo la ujumbe limesambaa katika mistari mitatu, na msomaji lazima alijenge upya kichwani. Kwa ruwaza unalichora umbo lenyewe:

match ujumbe:
    case ("tuma", namba, kiasi):
        tuma(namba, kiasi)
    case ("salio",):
        onyesha_salio()
    case _:
        kataa(ujumbe)

Kuuliza na kutoa vimekuwa tendo moja. Namba na kiasi vimepata majina yake palepale umbo lilipotambuliwa. Hapo ndipo lilipo tatizo letu, kwa sababu tendo hilo moja lina kazi mbili zinazotaka alama mbili: neno "tuma" linalinganishwa, jina namba linapokea.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu humu ukumbini. Lugha ya Hope, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Edinburgh na Burstall, MacQueen na Sannella, ilikuwa nalo mwaka 1980, na familia ya ML ikalikuza. Kwa upande wa Python, PEP 275 ya mwaka 2001 (PEP ni waraka rasmi wa kupendekeza badiliko katika lugha hiyo) iliomba njia ya kuchagua tawi kwa kutazama thamani. Mwaka 2006 Guido van Rossum, mwasisi wa lugha hiyo, aliandika PEP 3103 juu ya jambo hilohilo. Alipouliza maoni ya ukumbi katika hotuba yake kwenye mkutano wa PyCon wa 2007, aliona halina wafuasi, akalikataa pendekezo lake mwenyewe. Alifanya sawa. Mapendekezo hayo yalifupisha mlolongo wa if na kuishia hapo. Hayakujua kuchora umbo la kitu. Lugha haipaswi kuongezewa maneno kwa sababu ya kupunguza herufi tu.

Mwezi Juni 2020 lilitolewa PEP 622, lililoandikwa na watu sita: Brandt Bucher, Daniel Moisset, Tobias Kohn, Ivan Levkivskyi, Talin na van Rossum mwenyewe. Safari hii umbo ndilo lilikuwa kiini. Upinzani ulikuwa mkali, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya haki. Waandishi wakalivunja pendekezo lao katika nyaraka tatu: 634 inatoa kanuni, 635 inatoa sababu, 636 inafundisha. Nawasihi wanafunzi wasome 635 hata kama hawaandiki Python. Ni nadra kukuta wabunifu wa lugha wakieleza waziwazi kila njia waliyoiacha na kwa nini waliiacha.

Kulikuwa na tatizo jingine kabla ya hili la majina. Neno match lilikuwa tayari jina la kawaida. Funksheni inayoitwa hivyo imo katika maktaba ya re inayokuja na Python yenyewe, na watu wengi wamezipa thamani zao jina hilo. Kulifanya neno maalumu kungevunja programu hizo zote. Python ilikuwa imekwisha kuonja uchungu huo: neno async lilipofanywa maalumu katika toleo la 3.7 mwaka 2018, maktaba zilizokuwa zikilitumia kama jina la kawaida zilivunjika. Na kabla ya hapo kulikuwa na safari ya kutoka Python 2 kwenda 3, iliyoanza Desemba 2008 na kufungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Jumuiya iliyopita humo haisikii raha inapoambiwa programu za zamani zitakataa kufanya kazi.

Kilichowaokoa ni kichanganuzi kipya, yaani sehemu ya Python inayosoma msimbo na kutambua muundo wake. Kichanganuzi cha zamani kiliamua kwa kuchungulia neno moja tu mbele. Kikikuta match na mabano, kisingeweza kujua kama hiyo ni funksheni inayoitwa au mwanzo wa ruwaza. Toleo la 3.9, la Oktoba 2020, lilileta kichanganuzi kinachoweza kujaribu njia moja, kikishindwa kikarudi nyuma na kujaribu nyingine. Kwa hiyo leo match na case ni maneno maalumu mahali pake tu, na kwingine kote yanabaki majina ya kawaida. Wanaodhani sintaksia ni suala la ladha wajifunze hapa. Yale yanayowezekana katika lugha huamuliwa pia na mitambo iliyo chini yake, na mtambo ukibadilika, mlango uliokuwa umefungwa hufunguka.

Sasa turudi kwenye jina tupu. Mwambie mlinzi wa mlango neno moja tu, "Asha". Mlinzi mmoja ataelewa aingie Asha peke yake. Mwingine ataelewa kila atakayefika aitwe Asha. Wote wawili wametii, na kosa si lao. Lugha za programu zimejaribu kuwasaidia walinzi hao kwa njia mbalimbali, na inafaa tuzipitie, maana anayependekeza badiliko bila kutazama majirani atarudia makosa yao.

Scala inatazama herufi ya kwanza. Jina likianza kwa herufi ndogo linapokea. Likianza kwa herufi kubwa linalinganishwa. Kanuni hii ni rahisi kufundisha, na wengi walitamani Python iichukue. Mimi naipinga, na sababu yangu hatuisikii mara nyingi. Tangu Python 3, majina yanaweza kuandikwa kwa hati za lugha nyingi za dunia. Hati ya Kiarabu haina herufi kubwa wala ndogo. Hati ya Kihabeshi inayoandika Kiamhari haina. Mashairi yetu ya kale ya pwani yaliandikwa kwa hati isiyo na tofauti hiyo. Kanuni inayotegemea herufi kubwa inamwambia mwandishi wa hati hizo kwamba nusu ya lugha haimhusu.

Rust hutazama majina yaliyopo. Kama jina ni la thamani ya kudumu inayojulikana hapo, linalinganishwa. Kama sivyo, linapokea. Maana ya mstari inategemea kitu kilichoandikwa mbali, pengine katika faili jingine. Ukikosea herufi moja ya jina la kudumu, tawi linageuka kuwa la kupokea kila kitu. Rust inavumilika kwa sababu kompaila yake ni kali na hutoa onyo. Python haina kompaila ya namna hiyo.

Erlang inasema jina lililokwisha kupata thamani linalinganishwa, lisilo na thamani linapokea. Kanuni hiyo inakaa vizuri katika lugha ambayo jina halibadilishiwi thamani. Elixir, iliyojengwa juu ya mtambo uleule, inaruhusu kubadilisha, kwa hiyo iliweka alama: jina tupu linapokea, na ukitaka kulinganisha unatanguliza ^. Ruby ilipoleta ruwaza katika toleo la 2.7, Desemba 2019, ilifuata njia hiyohiyo. Zingatieni hili, kwa sababu Ruby ndiyo inayofanana zaidi na Python kwa tabia: majina yake hubadilika, aina hazitangazwi, na watumiaji wake wanapenda msimbo unaosomeka.

Python nayo ilichagua nukta. Jina tupu linapokea. Jina lenye nukta katikati, kama Hali.HAIPO, linalinganishwa. Toleo la kwanza la PEP 622 liliruhusu pia nukta mwanzoni, .HAIPO, lakini ikaonekana jicho linaipita bila kuiona, ikaondolewa. Baada ya hapo jina tupu halikubaki na njia yoyote ya kulinganishwa ndani ya ruwaza.

Nick Coghlan, mmoja wa watengenezaji wa Python wa muda mrefu, aliandika PEP 642 akitaka kila kitu kitamkwe: == kwa kulinganisha, as kwa kupokea. Thomas Wouters aliandika PEP 640 akitaka alama ya kuuliza iwe alama ya kitu tusichokihitaji, mahali pa kistari cha chini (_) kilicho katika tawi la mwisho la mfano wetu wa ujumbe wa malipo, na itumike hata nje ya ruwaza. Februari 2021 Baraza la Uongozi, linaloamua mabadiliko ya Python, lilikubali PEP 634 pamoja na wenzake wawili, likayakataa hayo mengine. Python 3.10 ilitoka tarehe 4 Oktoba 2021 ikiwa na ruwaza.

Kuhusu kistari cha chini, naona Baraza lilikuwa sahihi. Programu zinazotafsiriwa, zikiwemo zile zinazozungumza Kiswahili na watumiaji wake, mara nyingi hutumia jina _ kuita funksheni ya tafsiri. Ndani ya ruwaza _ haipokei kitu, kwa hiyo haiifuti funksheni hiyo. Na lugha nyingine zenye ruwaza zimekizoea kistari hicho.

Kuhusu kupokea, nako naona walikuwa sahihi kulikataa pendekezo la Coghlan kama lilivyoandikwa. Ruwaza inafanana na kitu ambacho kila mwanafunzi wa Python amekiona wiki ya kwanza: (a, b) = jozi. Hapo majina yanapokea. Msimbo mwingi wa ruwaza unatoa vipande kuliko unavyolinganisha na majina, na kumlazimisha mtu aandike as kila anapotoa kipande ni kuweka mzigo mahali penye kazi nyingi ili kuupunguza mahali penye kazi chache.

Lakini hoja ya Coghlan ilikuwa na nusu mbili, na nusu ya pili ilikataliwa pamoja na ya kwanza ilhali haikustahili. Nitaonyesha kwa mfano unaonisumbua zaidi:

DUKA_LETU = "552201"

match ujumbe:
    case ("lipa", DUKA_LETU, kiasi):
        pokea(kiasi)
    case ("lipa", duka, kiasi):
        peleka(duka, kiasi)

Mwandishi alikusudia: malipo ya duka letu yapokelewe hapa, ya maduka mengine yapelekwe kwao. Kinachotokea ni kwamba malipo ya kila duka yanapokelewa hapa. Tawi la pili halifikiwi kamwe. Katika mfano wangu wa mwanzo, kama kungekuwa na tawi jingine chini ya HAIPO, Python ingekataa kuendesha programu na kueleza kwamba jina hilo linayafunga matawi yanayofuata. Ulinzi huo ni mzuri, lakini unafanya kazi pale tu jina linaposimama peke yake. Likiwa ndani ya umbo kubwa zaidi, Python hainyanyui kidole. Fedha zinahesabiwa vibaya na hakuna kosa lililoripotiwa.

Madhara hayaishii hapo. Kama msimbo huo umo ndani ya funksheni, DUKA_LETU limegeuka kuwa jina la ndani ya funksheni hiyo, na ukilisoma mistari michache juu yake programu inasimama kwa kosa ambalo halitaji ruwaza hata kidogo. Kama umo nje ya funksheni, thamani ya kudumu imefutwa. Tena kanuni haihakikishi kwamba majina yaliyokwisha kupokea thamani kabla ruwaza haijashindwa yatarudi yalivyokuwa. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita atatafuta kosa hili siku nzima, na hatalitafuta kwenye mstari wa case, kwa sababu mstari huo unasomeka kana kwamba ni sahihi.

Wanaotetea hali ilivyo husema kuna njia mbili. Unaweza kuziweka thamani za kudumu ndani ya klasi ili zipate nukta. Unaweza pia kupokea kwanza kisha kuweka sharti: case ("lipa", duka, kiasi) if duka == DUKA_LETU. Nazikubali zote mbili, na ninazitumia. Hata hivyo ya kwanza inamlazimisha mtu kupanga upya msimbo wake kwa sababu ya alama, na haisaidii pale thamani inapotoka kwenye hoja ya funksheni. Ya pili inaturudisha tulikotoka: umbo liko kushoto, ulinganisho umetupwa kulia. Ruwaza ilikuja kuviunganisha.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kanuni zote zibaki zilivyo, iongezwe moja: ndani ya ruwaza, jina lililotanguliwa na == lilinganishwe.

    case ("lipa", == DUKA_LETU, kiasi):

Leo mstari huo ni kosa la sintaksia. Maana yake hakuna programu hata moja duniani inayofanya kazi ambayo itabadilika maana. Anayesoma hahitaji kufundishwa alama mpya, kwa sababu == anaijua tangu siku alipojifunza if. Na mwalimu atakuwa na sentensi moja ya kufundishia: jina tupu linapokea, jina lenye == linalinganishwa, jina lenye nukta linaendelea kulinganishwa kama zamani.

Pendekezo hili lina udhaifu, na mjadala wowote wa kweli utaanzia hapo. Katika ruwaza za klasi tunaandika alama ya = kwa kila sifa. Ukitaka sifa ya x ilinganishwe na jina SIFURI itabidi uandike Pointi(x= == SIFURI), na huo si mstari unaopendeza. Alama ya ^ ya Elixir na Ruby ingekaa vizuri zaidi: Pointi(x=^SIFURI). Lakini ^ katika Python tayari ni alama ya hesabu ya biti, na anayeikuta hapo hana njia ya kukisia maana yake. Mimi nabaki na ==. Ubaya wa sura mahali pamoja nauona ni bei nafuu kuliko kosa la kimya katika hesabu za watu. Atakayekuja na alama bora nitamsikiliza.

Namna ya kulifikisha pendekezo inajulikana. Tangu van Rossum alipong'atuka Julai 2018, baada ya mzozo wa PEP 572 uliohusu alama ya :=, uamuzi uko kwa Baraza la Uongozi la watu watano wanaochaguliwa na watengenezaji wa lugha. Mtu yeyote anaweza kuandika PEP. Asiye mtengenezaji anahitaji mmoja wao amdhamini. Waraka wenyewe utaulizwa mambo magumu. Programu za zamani zitaathirika vipi? Jambo hili litafundishwaje? Njia zipi nyingine zilifikiriwa na kwa nini ziliachwa? Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wanaoanza huiruka, nayo ndiyo Baraza husoma kwa makini. Pendekezo lisilotaja PEP 642 na sababu za kukataliwa kwake litarudishwa mapema, na ni haki lirudishwe.

Kinachokosekana zaidi ni ushahidi. Mwaka 2020 wote walibishana juu ya msimbo ambao haujaandikwa, kwa sababu ruwaza hazikuwepo. Leo zipo, ziko katika mifumo ya malipo, ya hospitali, ya bandari, na mingi imeandikwa na watu walioketi katika ukumbi huu. Rudini kwenye msimbo wenu. Tafuteni kila case yenye jina la herufi kubwa lisilo na nukta, muangalie kama mwandishi alikusudia kupokea au kulinganisha. Tafuteni pia masharti ya if yaliyowekwa baada ya ruwaza kwa ajili ya kulinganisha jina moja tu. Viandikeni, ondoeni siri za waajiri wenu, mniletee. Nikipata mifano ya kutosha nitaanza kuandika waraka, na ningependa majina yenu yawe juu yake pamoja na langu.